Mtu wa Chupa Aliyekuja Wabera

Lori lililokuwa limepeleka mbuzi Nairobi lilirudi Isiolo na mashine ya gemu, imefungwa kwa blanketi za jeshi na kamba ya katani. Wanaume wanne waliishusha mbele ya hoteli iliyopakana na kibanda changu cha ushonaji, pale mtaa wa Wabera. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, fundi wa nguo, nakaa barazani na cherehani yangu ya mkono nikishona sare za shule. Kazi yangu ilinitaka nikae mahali pamoja kutwa nzima, kwa hiyo mambo machache sana yalipita mtaa ule bila mimi kuyaona.

Mwenye hoteli alikuwa mzee wa Kisomali aliyestaafu jeshini. Wadogo kwa wakubwa walimwita Sajini, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Mpwa wake alikuwa na duka la michezo Nairobi, akalifunga, na mashine hiyo ikabaki bila pa kuwekwa. Sajini aliisimamisha kwenye kona, kati ya jiko la chai na beseni la kunawia mikono, akaichomeka kwenye stima, kisha akarudi nyuma akaitazama kuanzia juu mpaka chini kama anayekagua kuruta.

"Itakaa hapa," alisema. "Atakayeipiga ngumi nitampiga yeye."

Ubavuni mwa mashine palikuwa na picha ya mtu amesimama ndani ya chupa kubwa ya kioo, amefumba macho, nywele zikielea kwenye maji ya kijani. Ukitia sarafu, maneno mengi ya Kiingereza yalipanda kwenye kioo, halafu mtu yule anaivunja chupa, anatoka, na kuanza kukimbia katika mji uliobomoka. Hapo ndipo unashika fimbo na batani zako mbili na kumsaidia asiuawe. Vijana wa Wabera walicheza wiki nzima bila kusoma neno hata moja. Walimwita Mtu wa Chupa, na hiyo iliwatosha.

Aliyeyasoma alikuwa kijana mmoja Mmeru wa ofisi ya mifugo. Kazi yake ilikuwa kuwapandisha ng'ombe wa watu kwa mbegu zilizohifadhiwa kwenye mtungi wenye baridi kali, mbegu za mafahali ambao hata yeye mwenyewe hakuwahi kuwaona. Hakuwa daktari, lakini mtu mwenye sanduku la dawa na buti za mpira Isiolo ataitwa nini kingine? Tulimwita Daktari. Siku moja alisimama mbele ya kioo, kikombe cha chai mkononi, akatutafsiria mstari kwa mstari.

"Wanasema huyu hakuzaliwa. Alitengenezwa. Wamechukua damu ya mkimbiaji, damu ya mwanajeshi, na damu ya mtu ambaye homa ilishindwa kumuua, wakazichanganya kwenye chupa. Haugui. Hachoki. Na kila akimaliza mji mmoja anaongezwa kitu mwilini. Jicho la chuma, mkono wa chuma, pafu la kupumulia ndani ya maji."

"Babake ni nani?" aliuliza kijana mmoja wa Kiborana aliyekuwa amekaa karibu na mlango.

Huyu naye tulimwita Maalim, kwa sababu asubuhi alifundisha watoto Kurani. Mchana aliuza vitambaa, na bitana zangu zote nilinunua kwake. Alikuwa mpole katika biashara na mkali katika maneno, na hakuna aliyependa mabishano kumshinda.

"Nimekwambia hana baba," Daktari alijibu. "Ametengenezwa."

"Kila mtu ana baba, hata kama hamjui."

"Basi ana baba watatu. Wale waliotoa damu."

"Sawa. Ni wa ukoo gani? Akiua mtu, tutaketi na wazee wa wapi?"

Watu walicheka, lakini Maalim hakuwa anatania. Kwetu, mtu akija kutoka mbali, hilo ndilo swali la kwanza baada ya salamu na chai, na asiyekuwa na jibu anatazamwa kwa wasiwasi. Nikiwa barazani na shati la mtu kwenye cherehani, niliona swali lake ni zuri. Daktari naye akaanza kuzungumza juu ya ng'ombe.

Kuanzia siku hiyo, mchana haukupita bila mjadala. Daktari alisema binadamu ataanza kujitengeneza upya kama tunavyowatengeneza ng'ombe, na kwamba ni jambo jema, kwa sababu mwili huu tuliopewa unaharibika upesi. Maalim alisema ng'ombe wa gredi wa Daktari, wale chotara wa kizungu, wanakunywa pipa zima la maji, na kiangazi kikifika wao ndio wa kwanza kulala chini.

"Wanalala chini kwa sababu wenyewe wanawachunga kama wale wa zamani," Daktari alisema. "Ng'ombe mpya anataka matunzo mapya."

"Umeona? Umetengeneza kiumbe, halafu unataka dunia nzima ibadilike kwa ajili yake."

Vijana waligawanyika. Walikuwako watu wa chuma, waliompa Mtu wa Chupa kila nyongeza iliyotolewa, na watu wa damu, waliokataa nyongeza zote wakajaribu kufika mwisho na mwili wake wa kwanza. Upande wa pili ulikuwa wa Maalim, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kugusa fimbo. Wanajeshi kutoka kambini upande wa Burat walikuwa wakifika Jumamosi, na wao karibu wote walikuwa watu wa chuma. Hakuna upande uliofika mwisho. Katika mji wa nne kulikuwa na daraja lililoanguka vipande vipande, na hapo wote walikufa.

Nami nilichoka kuwasikia wakishindwa. Sauti ya Mtu wa Chupa akifa ilikuwa kama mbuzi aliyekanyagwa, na niliisikia kutwa nzima katikati ya kazi yangu. Alasiri moja nilifunika cherehani, nikainuka, nikaingia hotelini.

Hapa lazima niseme juu ya mguu wangu. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa mtoto ninayekimbia kimbia, nilishikwa na homa, na ilipoondoka mguu wa kulia ulikuwa umelala. Ulikuwa ule ugonjwa wa kupooza. Tulikaa Burat, baba akichunga ng'ombe wa kituo cha karantini na mama akilima kipande cha shamba kando ya mto. Mama alinibeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni, akanibeba tena na tena kwa miaka, mpaka wakanitengenezea chuma. Ni vyuma viwili vilivyoshuka pembeni mwa mguu, vikishikwa na ukanda wa ngozi juu ya paja na kuingia katika kisigino cha kiatu. Gotini kulikuwa na komeo. Nikitaka kukaa nalifungua, nikitaka kusimama nalifunga. Nilikuwa nimebadilishiwa vyuma kila nilipokua, na komeo nililipaka mafuta yale yale ya cherehani. Sikuwahi kukionea haya. Nilikuwa nacho kama wengine walivyokuwa na baiskeli.

Nilisimama mbele ya mashine nikafunga komeo. Vijana wakicheza walihama mguu mmoja hadi mwingine baada ya muda, wakiegemea, wakijinyoosha. Mguu wangu uliofungwa haukuchoka. Na mikono yangu ilikuwa imezoea kwenda kila mmoja njia yake, mmoja ukizungusha gurudumu la cherehani na mwingine ukiongoza kitambaa. Siku ya kwanza nilikufa mapema, siku iliyofuata nikachelewa kidogo, na kabla ya mwezi kuisha nilikuwa nimelivuka daraja la mji wa nne mbele ya wanajeshi watano.

"Fundi," mmoja wao alisema, "umefanyaje hapo?"

"Usiruke kabla jiwe halijaanguka. Wewe unaruka kwa woga."

Siku niliyofika mwisho ilikuwa Alhamisi, na jua lilikuwa bado juu. Habari zilitoka nje bila kutumwa, maana niligeuka kidogo nikaona mlango umejaa watu na Sajini amepanda juu ya kreti ya soda. Nilikuwa nimempa Mtu wa Chupa kila nyongeza, jicho, mkono, pafu na miguu pia. Nilimshinda adui wa mwisho, mwanasayansi aliyemtengeneza, mlango mkubwa ukafunguka, na badala ya muziki wa ushindi kioo kikawa cheusi na maneno yakatokea. Chini yao nambari zilianza kushuka, kumi, tisa, nane.

"Soma, Daktari," nilisema.

Alijipenyeza mpaka mbele. "Wanasema wanaweza kumtoa vyuma vyote na kumsafisha damu. Atakuwa mtu wa kawaida. Atazeeka, atakufa. Ama abaki alivyo. Unachagua wewe."

"Mtoe," Maalim alisema nyuma yangu. Sikujua kwamba alikuwepo. "Mtoe vyuma, Fundi. Muache awe mtu."

"Wacha abaki," Daktari alisema.

Kila mtu akasema lake, nambari zikishuka. Mimi sikuhitaji muda wote huo. Nilisogeza fimbo upande wa kubaki, nikabonyeza. Kioo kilionyesha barabara ndefu, na Mtu wa Chupa akitembea polepole, ametugeuzia mgongo, mkono wake wa chuma uking'aa kwenye jua. Halafu yakaja majina ya waliotengeneza gemu, na mashine ikaanza upya kama kwamba hakuna kilichotokea.

Maalim alikuwa amekasirika kweli. "Umemnyima utu."

"Alikuwa mtu tayari, Maalim. Walikuwa wanamuuliza kama anataka kuwa mtu mwingine."

Macho yake yalishuka kwenye kiatu changu, yakaruka haraka kwenda ukutani. Sauti yake ikapungua. "Sikuwa nazungumza juu yako."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa nazungumza juu yangu."

Nilirudi barazani nikamalizia sare. Lakini hoteli haikutulia. Wiki hiyo watu walibishana mpaka vikombe vikavunjika, na vijana wawili marafiki wakakataa kukaa benchi moja. Sajini, ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa kuzuia vurugu, aliamua kwamba jambo hili litasemwa siku moja, kwa utaratibu, na likishasemwa litakwisha. Alitangaza mjadala Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Alipanga mabenchi pande mbili, akakaa katikati na sufuria magotini. Akigonga sufuria kwa kijiko, msemaji ananyamaza. Mada aliiandika kwa chaki ubaoni, pale pa orodha ya vyakula: BINADAMU ATENGENEZWE UPYA AMA AACHWE ALIVYO.

Daktari alisimama kwanza. Alizungumza vizuri, nakiri. Alionyesha miwani ya mwalimu mmoja, akaonyesha jino la dhahabu la Sajini, akaninyooshea kidole mimi, akauliza ni nani kati yetu aliye kama alivyozaliwa. Kisha akasema maneno ambayo yangetutoa jasho baadaye.

"Hata yale matone wanayopewa watoto kliniki, yale ya kuzuia kupooza. Yanafanya nini? Yanaingia mwilini na kuufundisha kitu ambacho baba na mama hawakuurithisha. Yule mtoto anatoka kliniki si kama alivyoingia. Huo ni mwanzo wa mtu mpya, na mama zenu wenyewe ndio wanaompeleka."

Upande wa chuma uligonga meza.

Maalim alingoja kelele zishuke. "Mimi sina shida na miwani," alisema. "Nina swali moja tu. Nani atachagua? Mtu akikaa mezani kuchanganya damu ili apate mtoto, atachagua mwenye macho yote, mwenye miguu yote. Yule mwingine hatazaliwa kabisa. Naomba radhi, lakini ni lazima niseme. Fundi huyu angekuwa wapi?"

Hoteli nzima ilinigeukia. Sajini aliinua kijiko, hakugonga.

Sikuwa nimepanga kusema chochote. Nilifunga komeo, nikasimama. "Maalim, mimi nilizaliwa na miguu miwili mizima. Kwenye hiyo meza yako ningepita bila taabu yoyote. Wangenichagua, wangefurahi, halafu ugonjwa ungekuja vile vile, nikiwa tayari ni mtoto wa watu. Kwa hiyo usinitumie mimi. Tafuta mfano mwingine."

Kicheko kilikuwa kikubwa, na Maalim mwenyewe alicheka akafunika uso. Hapo ndipo Sajini alipomwona mama yangu. Alikuwa ameleta sukuma wiki na nyanya za hoteli kama kila Jumamosi, amesimama kwenye mlango wa jikoni na kikapu chake, shanga shingoni, akisikiliza.

"Mama," Sajini alimwambia kwa heshima, "wewe ndiye mwenye mtoto. Ungeambiwa uchague, ungesemaje?"

Mama alikuwa Mturkana, na Kiswahili alikijua cha sokoni. Aliweka kikapu chini kwanza.

"Mimi ningechukua miguu mbili," alisema. "Nani angekataa? Lakini iwe miguu ya huyu. Kama ni mtoto ingine iko na miguu mbili, hao wakae na yeye."

Alichukua kikapu akaingia jikoni kupeleka mboga zake. Kila upande ulidai kwamba mama amewaunga mkono, na Sajini akagonga sufuria akasema mjadala umefungwa.

Haukufungwa. Maneno ya Daktari yalitoka pale hotelini yakaenda sokoni, na kutoka sokoni yakaenda mbali zaidi, yakibadilika njiani. Kabla ya wiki mbili, mteja aliyekuja kupimwa gauni aliniambia kwa sauti ya chini kwamba matone ya kliniki yanatengeneza watoto wa chupa. Mtoto akiyanywa hatamjua mamake. Hatazaa. Kuna picha yake Wabera, hotelini kwa Sajini, nenda ukaone mwenyewe.

Muuguzi wa kliniki ya watoto alifika siku ya Jumatatu. Alikuwa mwanamke mnene, Mmeru, mwenye sare nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Tulimwita Sista, na siku hiyo hakusalimu mtu.

"Nani hapa alisema dawa yangu inatengeneza watu?"

Hakuna aliyemsaliti Daktari kwa mdomo, ila macho yote yalimwendea. Alisimama. "Ni mimi, Sista. Lakini sikusema hivyo. Nilisema kwa maana nzuri."

"Maana yako nzuri imefika mpaka kijiji cha Kulamawe. Wametuma neno nisiende. Wiki hii nilikuwa niende na gari la chanjo, na kina mama wamesema hawatatoa mtoto." Aliangalia ile mashine kwa muda, akaangalia picha ya ubavuni. "Ndio huyu?"

"Ndiye," Sajini alisema.

"Alhamisi natoka saa kumi na mbili asubuhi. Wewe utakuwa ndani ya gari. Na huyo mwingine uliyekuwa unabishana naye?"

Maalim alikuwa ameshaacha vitambaa vyake. "Nitakuja, Sista. Nina shangazi kule. Mimi nilikataa mtu wa chupa, sikukataa dawa." Kisha akanigeukia. "Na Fundi aje."

Nilikwenda. Nilitaka kwenda. Kwa miezi mingi nilikuwa nimesikia vijana wakizungumza juu ya miili mipya kana kwamba ni mambo ya karne nyingine, na hapa palikuwa na sanduku la barafu lenye kitu ambacho kingeubadilisha mwili wangu kama kingenifikia mapema. Nilivaa gauni langu la kitenge nililoshona mwenyewe, nikapaka komeo mafuta.

Barabara ya Kulamawe wakati huo ilikuwa mchanga na mawe. Daktari alikaa nyuma na sanduku la chanjo magotini, akilizuia lisiruke. Kina mama walikuwepo, wengi, wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wa shule na watoto wao, lakini hawakusogea. Walikuwa wamekuja kutuangalia.

Daktari alianza kueleza. Alisema juu ya damu, juu ya askari wadogo walio ndani ya damu wanaofundishwa kumtambua adui. Maalim alitafsiri kwa Kiborana sentensi ya kwanza na ya pili. Ya tatu hakuitafsiri.

"Mbona umenyamaza?" Daktari aliuliza.

"Ukitaja damu mara nyingine watakimbia. Wacha mimi."

Alichuchumaa mbele yao akazungumza taratibu. Nilielewa maneno machache. Aliwaambia yeye ni mtoto wa nani na shangazi yake ni nani, na shangazi mwenyewe akapaza sauti kutoka nyuma kusema ni kweli. Aliwaambia mtu wa kwenye mashine ni picha tu ya kuchezea, na kwamba yeye mwenyewe alibishana juu yake na akashindwa na mwanamke. Hapo walinitazama.

Nilikaa kwenye mkeka. Nilifungua ukanda, nikavua chuma, nikakiweka mbele yangu. Watoto walikuja kwanza, halafu mama mmoja kijana aliyebeba mtoto mgongoni akakaribia, akakiinua kwa mikono miwili kupima uzito wake. Alifungua komeo, akalifunga, akalifungua tena. Aliuliza, na Maalim akatafsiri.

"Anauliza unakivaa lini."

"Kila siku."

"Anauliza kinauma?"

"Kikiwa kipya kinauma. Baadaye unakizoea. Mwambie ni kizuri, kimenifikisha hapa."

"Anauliza, kama ungekunywa haya matone ukiwa mdogo, ingekuwaje?"

"Nisingekihitaji."

Mama yule alirudisha chuma mkekani. Swali lililofuata Maalim alilitafsiri akitabasamu. "Anauliza, sasa ungekuwa wa chupa?"

"Mwambie ningekuwa mimi tu. Ila ningetembea haraka zaidi."

Alicheka, mkono mdomoni. Alimshusha mtoto mgongoni, akamshika taya, akamfungua kinywa yeye mwenyewe kabla Sista hajawa tayari. Sista alitia matone, mtoto akakunja uso, na mama yake akamtazama machoni kwa muda mrefu. Alimwita kwa jina. Mtoto aligeuka. Alimwita tena, wenzake wote wakiangalia, na mtoto akanyoosha mikono abebwe. Basi mstari ukaanza.

Hawakuja wote. Wengine waliinuka na watoto wao wakaondoka bila maneno, na Sista hakuwafuata. Alisema atarudi mwezi ujao na mwezi mwingine, na kwamba aliyekataa kwa hofu leo anaweza kukubali akiona mtoto wa jirani hajaota pembe. Nilipenda utulivu wake. Nilimwuliza kama naweza kurudi naye, akasema alikuwa ameshaamua hivyo tangu nilipovua kiatu.

Kurudi mjini, Daktari alipata sauti yake. "Lakini bado nasema nilikuwa sahihi," alimwambia Maalim. "Yule mtoto sasa ana kitu ambacho babake hana."

"Ana mama aliyemwita jina. Huyo wako wa chupa nani alimwita?"

"Ukikubali kwamba ni mtu, basi niambie, atafunga Ramadhani? Hali chakula."

Maalim alishika ukingo wa gari tukipanda kilima. "Atafunga ulimi asiseme uongo," alisema tulipofika juu. "Hiyo ndiyo ngumu zaidi."

Sista, aliyekuwa mbele na dereva, aliwaambia kichwa kinamuuma.

Mashine ilidumu mpaka mvua ndefu zilizofuata. Stima ilipotea na kurudi kwa nguvu siku moja, kioo kikatoa moshi, na fundi wa redio aliyeitwa hakuweza kitu. Sajini aliitoa mashine matumbo yake, akaigeuza kabati la vikombe. Daktari alihamishwa kwenda wilaya nyingine, na kwa miaka kadhaa alimtumia Maalim salamu zenye hoja mpya ndani. Maalim aliongeza duka. Mimi niliendelea na cherehani, na kila mwezi nilifunika kazi kwa siku chache nikaenda na Sista. Watu walizoea kuniona na chuma changu, na baadaye baadhi walianza kuniletea watoto waliokuwa wamefichwa nyumbani kwa sababu ya miguu yao. Hao niliwapeleka misheni nilikopelekwa.

Zamu ya Burat ilipofika, mama alikataa nitangulie. Alikwenda mbele yetu kwenye njia ya mashamba, nyumba kwa nyumba, akiwaita wanawake kwa Kiturkana, na mimi nikamfuata nyuma na Sista na sanduku la barafu. Nilidhani anawaeleza juu ya homa ile na miaka aliyonibeba. Nilipokaribia nikasikia anachosema. Alikuwa akiwaambia waje wamuone binti yake, aliyewashinda wanajeshi wote wa kambini wakiwa wamesimama pale pale wakiangalia. Wanawake walitoka na watoto wao kutuona.